Mfanyakazi Niliyemlaza

Kijana wa bodaboda alisimamisha pikipiki mbele ya meza yangu juzi, akanyoosha kidole juu ya kichwa changu, pale kwenye msumari.

"Mathe, ile ya manjano ni ngapi?"

"Ile haiuzwi. Chukua hii nyeupe, haina hata mkwaruzo."

"Nataka ile."

Nauza vifaa vya kazi vya mtumba: gumbuti, ovaroli, glavu, helmeti za mjengo. Hapa sokoni najulikana kwa mambo mawili. Nahesabu kila kitu mara mbili, hata vitu vilivyo viwili. Na hakuna kitu kwangu kisicho na bei. Siku moja mteja alikipenda kiti nilichokuwa nimekalia. Nikasimama, nikampa, nikachuuza hadi jioni nikiwa wima, na sikujuta. Kwa hiyo majirani zangu waliposikia nikisema haiuzwi, waligeuza vichwa kana kwamba sahani imevunjika.

Kijana akataja bei. Nikanyamaza. Akapanda. Nikanyamaza. Akapanda mara ya tatu, akishindana na nafsi yake, jambo ambalo sisi wachuuzi huliombea kanisani. Kisha, kabla sijamkataza, akainua mkono, akaitoa msumarini na kuivaa. Ilikuwa imenyeshewa asubuhi, halafu jua likaipiga, na kutoka kwenye ukanda wake wa ndani ikanijia ile harufu: jasho la zamani, sabuni ya unga, na chini yake kabisa, yai lililochemshwa likasahaulika.

Nilikuwa na miaka kumi tena, kwetu mtaa wa Section 58, mikono imo kwenye karai.

Baba alikuwa msimamizi wa gengi kule Olkaria. Lilikuwa gengi la kampuni ndogo ya kandarasi iliyotandaza mabomba ya mvuke, wanaume kumi na wanne, na mvuke ule ndio wenye harufu ya yai. Jumatatu asubuhi lori liliwachukua kwenye steji ya barabara kuu, si mbali na kwetu. Wiki nzima walilala kambini, Jumamosi mchana lori likawarudisha. Na kila Jumamosi Baba alirudi amebeba gunia la helmeti, kwa sababu mlinzi wa stoo kule alikuwa na urafiki wa karibu mno na watu wa bodaboda. Zikipotea, Baba ndiye wa kuulizwa. Kazi yangu ilikuwa kuziosha na kuzianika kwenye kamba ya nguo.

Kila moja ilikuwa na jina ndani, limeandikwa kwa kalamu nene. Nilizijua helmeti kabla sijawajua wenyewe. Ya Mutua ilinuka mafuta ya nywele, na ilikuwa ngumu kuosha. Ya Kiprop ilikuwa na picha ya mtoto imebandikwa kwa utepe. Ya Barasa ilikuwa na jiwe.

Yale mawe ya Olkaria ni meusi, yanang'aa kama kioo, na makali yake yanakukata kidole kabla hujasikia uchungu. Barasa alilifunga jiwe moja kwa karatasi ya mkate, akaliweka ndani ya helmeti yake kila Jumamosi, akijua ni nani ataiosha. Alikuwa mtu mrefu, mpole, ambaye sauti yake ilionekana kuomba radhi kwa urefu wake. Watoto wake walikuwa kwao, magharibi. Nadhani kila jiwe lilikuwa la mmoja wao, likakosea njia. Nilikuwa nayo kumi na tisa kwenye mkebe wa kakao. Kumi na tisa, nimehesabu.

Kuhesabu kulikuwa na sheria kwetu. Cucu, mama yake Baba, tuliishi naye, na alipenda kukaa karibu na karai kuona nisikosee jambo moja.

"Hesabu kofia," alisema. "Watu usihesabu."

Wageni wakija, tulihesabu vikombe. Watoto wakicheza uani, Cucu alihesabu viatu mlangoni. Niliwahi kumwuliza kwa nini.

"Ukihesabu watu, kuna mmoja atasikia namba yake, aitike, aende."

Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kujua watu wake wako wangapi, alimcheka Cucu na kumtii. Kule Olkaria, asubuhi na jioni, alihesabu helmeti. Na alihesabu mara mbili. Aliniambia ukihesabu mara moja umehesabu kile ulichotarajia kukikuta. Huo ugonjwa wangu nimeurithi, sikuuokota.

Mama alikuwa muuguzi wa zamu ya usiku, na katika kumbukumbu hizi zote amelala. Asinune akisoma hapa. Ndivyo nilivyomwona: mlango umefungwa, na mtu kidole mdomoni akisema, "Shhh."

Kwa sababu ya usingizi wa Mama, Baba alininunulia kompyuta. Saiba moja ya mjini, duka la intaneti, ilikuwa imefungwa, na mwenyewe akauza vitu vyote kwa fujo. Baba alirudi na mashine yenye skrini ya kisogo kirefu, kipanya kilichokatika mkia kikafungwa utepe, na ndani yake, bila mtu kutuambia, mchezo.

Ulikuwa mchezo wa kujenga dola. Haukuwa wa haraka wala wa kelele, ndiyo maana niliruhusiwa. Unafanya yako, unabonyeza kumaliza zamu, maadui nao wanafanya yao, na miaka inasonga. Unaanza na mji wa vibanda vitatu na mfanyakazi mmoja mwenye sururu. Anakata msitu, analima, anachimba mfereji, anajenga barabara. Miji inaongezeka, na wafanyakazi nao. Mchezo uliniruhusu kuwapa majina, na majina nilikuwa nayo kumi na manne, yananing'inia kwenye kamba ya nguo.

Hata Cucu nilimdanganya kwamba siwahesabu. Nilihesabu sururu.

Shida ilikuja dola ilipokamilika. Hakuna anayekuambia mapema kwamba dola hukamilika. Unaamka siku moja, kila mraba umelimwa, kila mji umefikiwa na barabara, na wale kumi na wanne bado wapo. Kila zamu wanamulikwa mmoja mmoja. Anayemulikwa anainua sururu, na alama ya kuuliza inasimama juu ya kichwa chake. Anataka kujua afanye nini. Na kila mmoja anakula kutoka ghala, ana kazi hana kazi.

Mwanzoni niliwatafutia shughuli. Nilimtuma Mutua akate msitu, na Kiprop aje nyuma yake akiupanda upya. Nilijenga barabara za kwenda ziwani, mahali ambapo hakuna mtu alikuwa anaenda, kama diwani aliye karibu na uchaguzi. Lakini ghala lilipungua, na miji ikaanza kununa. Zilibaki njia tatu. Unaweza kumwingiza mfanyakazi mjini awe mkazi, ila miji yangu ilikuwa imejaa na inalia njaa. Unaweza kumfuta: kitufe kimoja, sauti ndogo kama mtu anayepuliza mshumaa, na mraba unabaki mtupu. Au unaweza kumlaza.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani, mvua inapiga mabati, Baba akaja na chai yake akakaa nyuma yangu. Hakuwahi kukaa hapo. Ninachojua leo, na sikukijua siku ile, ni kwamba kampuni ilikuwa imemwambia mabomba yanakaribia mwisho, abaki na watu wanane, na majina ya wale sita wengine ayataje kesho yake asubuhi.

"Hawa wamesimama hapa ni wa nini?" akauliza.

"Hao ni wa ziada, Baba. Barabara zimeisha."

"Na wanakula?"

"Kila zamu."

Akanywa chai. "Kwa hivyo unafanya nini?"

"Unafuta. Ona." Nikabonyeza, na Mutua akapulizwa kama mshumaa.

"Huyo ni Mutua wangu?"

"Ni Mutua wangu. Helmeti yake inanuka mafuta."

Baba alicheka, kisha kicheko kikamkatikia katikati. Akavuta kiti karibu. "Na huyu hapa msituni? Huyu wa herufi juu ya kichwa?"

"Huyo ni Barasa. Siwezi kumfuta. Nimemlaza, herufi hiyo ni ya usingizi."

"Kumlaza ndiyo nini?"

"Anangoja. Kazi ikitokea, mafuriko au vita, unamwamsha."

"Lakini bado anakula?"

"Anakula, Baba. Lakini haulizi."

Nakumbuka vile alivyolirudia neno hilo. Hakuniambia mimi, alikiambia kikombe. "Haulizi."

"Ile alama ya kuuliza haiji tena. Hata ukimaliza zamu, mchezo hauonyeshi yuko wapi. Hakusumbui."

Akaondoka bila kumaliza chai, na Baba hakuwahi kuacha chai. Jioni ile niliingia sebuleni nikamkuta amepiga magoti, helmeti zote zimepangwa sakafuni. Nane zilikuwa karibu na mlango. Tano zilikuwa zimeelekezwa ukutani. Moja ilikuwa peke yake chini ya meza ya televisheni, na sikuhitaji kuigeuza kujua jina.

Ukiwa na miaka kumi huwazi kwamba mzazi anafanya kazi yake. Unawaza kwamba anacheza mchezo wako. Nilidhani Baba ameupenda, ila anaona haya kuniomba kipanya, kwa hiyo anaucheza kwa helmeti.

"Umemlaza Barasa?" nikauliza.

Aliinua uso. "Nimemlaza."

Nilifurahi kweli. Nilikuwa sijawahi kumfundisha Baba kitu.

Wale watano waliambiwa ukweli Jumatatu ile, pale steji. Mutua hakumeza maneno. Jumamosi alikuja hadi kwenye geti letu, ananuka mafuta yake ya nywele, akasema kwa sauti iliyofika nyumba ya nne:

"Foreman! Umenifuta kama picha mbaya kwenye simu! Miaka miwili nabeba bomba, mgongo umekuwa kama mabati, unanifuta?"

"Mutua, si mimi, ni kampuni."

"Kampuni ina mkono? Mkono ulioandika ni wako!"

Aliendelea hadi Cucu akatoka na kikombe cha uji, akampa. Akanywa akiwa bado ana hasira, akarudisha kikombe, akasema asante Cucu, akaenda. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilimsikia akisema amefutwa, na kidole changu cha kubonyezea kikawa cha moto. Nilikikalia.

Lakini Mutua hakufa. Wiki mbili baadaye alikuwa anaendesha bodaboda ya mtu, helmeti ya mjengo kichwani, na sitauliza ilitoka wapi. Kiprop alipata kibarua Kariandusi, kwenye machimbo ya udongo mweupe. Alikuja siku moja kusalimia, nyusi nyeupe kama mzee wa mchezo wa shule. Wote watano walitukana, wakalia, wakaenda, na kabla mwezi haujaisha kila mmoja alikuwa ameshika kitu.

Barasa hakutukana. Baba alimwambia, "Wewe kaa na helmeti yako. Ngoja nitakuita." Mutua alikuwa karibu, ndiye aliyenisimulia nilipokuwa mkubwa. Alisema Barasa alitabasamu kwa aibu, kama mtu aliyepewa nyama kubwa mbele ya wenzake. Na Mutua alipomfuata baadaye, kumwambia kuna mjengo Free Area unataka watu watatu, Barasa alikataa.

"Mimi nimeambiwa ningoje," alimwambia. "Nikienda huko, na Foreman aite?"

"Boss, huyo hataita."

"Nyinyi aliwatoa. Mimi hakunitoa."

Jumamosi niliosha helmeti nane. Nilihesabu mara mbili, nikamwuliza Baba za wengine ziko wapi. Akasema zimerudi kwa kampuni. Na ya Barasa? Akanitazama kwa namna ambayo sikuielewa, akatumia lugha yangu.

"Si nilikuambia? Amelala."

Sikujali sana. Mtu aliyelala yuko salama. Kwetu mtu aliyelala ndiye mfalme wa nyumba. Nilichojali ni kwamba hakukuwa na jiwe.

Jumatatu nikipita kwenda shule nilimwona. Alikuwa amekaa juu ya kalvati la mtaro pale steji, helmeti kichwani, mfuko wa nguo magotini. Lori likaja. Wanane wakapanda. Baba alikuwa mbele na dereva, anaangalia simu yake kwa bidii, na simu ya Baba wakati ule haikuwa na chochote cha kuangalia. Barasa alisimama. Lori likaondoka. Akakaa tena, taratibu, akijikunja kidogo kidogo.

Alikuwepo Jumatatu iliyofuata, na nyingine. Mvua ndefu zikaanza. Alianza kuja hata siku ambazo si Jumatatu, labda kwa sababu mtu akikosa siku moja ndiyo siku atakayoitwa. Mashavu yaliingia ndani. Lakini helmeti ilikuwa safi sana, safi kuliko nilivyowahi kuiosha mimi.

Jumamosi moja nilimsikia Baba akimwambia Mama, ambaye kwa mara hiyo moja alikuwa macho, "Hata hawa wanane wanaenda mwezi ujao. Bomba limefika mwisho. Hakuna wa kuitwa tena."

"Na yule wa steji umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

Kijiko kiligonga kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji.

Kwa hiyo nilijua. Hilo ndilo nataka liandikwe vizuri, kwa sababu nimejaribu kulipunguza bei kwa miaka na halipungui. Nilijua.

Jumatatu ile mvua ilikuwa ya manyunyu. Lori lilikuwa limeshapita. Barasa aliniona, akasimama, akavua helmeti kama mtu anayemsalimia mwalimu.

"Sasa, toto ya Foreman."

"Poa, Barasa. Shikamoo."

Akaingiza mkono mfukoni, akanipa kitu kilichofungwa kwa karatasi ya mkate. Nilifungua. Kilikuwa kipande cha chupa, cha kahawia, kimesuguliwa kwenye jiwe hadi kikapoteza makali. Hakuwa amekanyaga Olkaria kwa muda mrefu. Nikasema asante. Nilijifanya sikuona.

Kisha akauliza. Aliuliza akiangalia barabara, si mimi, ili nisione haya.

"Baba anasemaje?"

Na mimi nikaiona ile alama ikisimama juu ya kichwa chake, mahali mvua ilipokuwa inaangukia. Nilijua sheria za mchezo. Mfanyakazi ukimwamsha na huna kazi ya kumpa, anabaki anakuuliza, anakuuliza, na mwisho wake ni kitufe kile kingine. Nilikuwa nimembonyeza Mutua na nikaona yaliyompata. Kwa Barasa sikutaka. Nilimpenda.

"Anasema ungoje," nikamwambia.

Uso wake ulifunguka. Sijawahi kumuuzia mtu kitu akafurahi vile, na nimeuza vitu vizuri.

"Niliwaambia," akasema. "Si niliwaambia?" Akavaa helmeti yake, akakaa juu ya kalvati, akanipungia mkono hadi nikakata kona.

Alingoja wiki tatu zaidi. Nilihesabu Jumatatu: moja, mbili, tatu. Jumatatu ya nne kalvati lilikuwa tupu, na juu yake kulikuwa na helmeti, imeoshwa, imepinduliwa ikauke, vile mimi nilivyokuwa nazipindua kwetu. Baba alishuka kwenye lori na kuichukua. Niliona kwa macho yangu: alisimama nayo mvuani, akageuka kulia, akageuka kushoto, dereva akapiga honi. Siku ile hakwenda kazini.

Walimtafuta. Mutua alizunguka na pikipiki siku mbili. Chumba chake alichopanga kilikuwa wazi, kimefagiliwa, sufuria imeoshwa na kufunikwa. Kwao hakufika, walipigiwa simu, wakasema wanamtarajia kila siku. Mama mmoja wa mboga alisema alimwona mtu mrefu akifuata reli kuelekea Naivasha, kichwa wazi, hana mzigo. Mtu mrefu. Basi. Hakuna aliyewahi kuongeza neno juu ya hilo, na mimi nimeuliza watu wengi kuliko ninavyoweza kukubali.

Baba aliiweka helmeti mezani. Cucu akaigeuza, akaangalia jina ingawa hakujua kusoma.

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui."

"Wale watano uliwaambia waende. Huyu ulimwambia nini?"

Baba aliinua macho akaniangalia mimi. Haikuwa kwa hasira; afadhali ingekuwa hasira. Aliniangalia kama mtu aliyenunua kitu kutoka kwako, akakitumia vibaya, na anajua hawezi kukirudisha. Na hakujua, hadi anaingia kaburini hakujua, kwamba hata mimi nilikuwa nimemwuzia Barasa kitu kilekile.

Nilikimbilia kompyuta. Msinicheke. Nilikuwa na hakika kwamba nikimwamsha kule, ataamka huku, popote alipo kwenye ile reli. Lakini mfanyakazi aliyelala haonyeshwi, na dola yangu ilikuwa kubwa. Nilipita mraba kwa mraba, msitu kwa msitu, mara mbili. Nilimpata pembeni kabisa mwa ramani, kwenye msitu ulio karibu na ziwa, mahali nilipokuwa nimemweka na kumsahau. Nikambonyeza. Herufi ikatoweka. Akainua sururu, na ile alama ikasimama juu ya kichwa chake.

Nikatafuta kazi. Hakukuwa na kazi. Kila kitu kilikuwa kimelimwa. Nikabonyeza kumaliza zamu, na mchezo ukakataa. Ukaandika kwamba kuna mfanyakazi anayesubiri amri. Nikabonyeza tena. Ukakataa tena. Cucu alinikuta hapo nalia, akauliza nalia nini, nikamwambia mashine imekwama. Akafanya alichojua kufanya na vitu vilivyokwama. Akachomoa waya ukutani.

Haikuwaka tena. Fundi alisema kuna kitu kimeungua ndani. Mimi sikuomba itengenezwe.

Baba tulimzika mwaka juzi. Wiki zake za mwisho nilimtembelea mchana, saa za wageni, na hatukuzungumza mambo makubwa. Nilimsimulia sokoni nani kamlaghai nani. Siku moja alinikatiza.

"Yule wa kwenye kompyuta. Uliwahi kumwamsha?"

Zaidi ya miaka kumi na mitano, na hakuhitaji kutaja jina.

"Nilimwamsha, Baba."

"Akafanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. Mimi naweza kumwambia mteja gumbuti mbili za kushoto ni jozi.

"Akauliza," nikasema.

Baba alitingisha kichwa polepole, akageukia ukutani. Baada ya mazishi niliikuta helmeti chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye kitambaa. Ilikuwa safi. Alikuwa akiiosha. Nikaileta hapa, nikapiga msumari.

"Mathe. Mathe! Umelala?" Kijana wa bodaboda alikuwa bado ameivaa. Nilinyoosha mkono, akanirudishia, na katika kuigeuza akaona maandishi ndani. "Barasa. Barasa ni nani?"

"Mwenyewe."

"Sasa anaichukua lini? Naona vumbi la msumari liko na umri wangu."

Majirani zangu wakacheka. Nikamwekea ile nyeupe kichwani, nikamkazia mkanda, nikampunguzia bei bila kuombwa, jambo lililowanyamazisha majirani kuliko lile la kwanza. Kisha nikapanda juu ya kiti, nikairudisha ile ya manjano mahali pake. Chini ya meza nina mkebe wa kakao. Mawe meusi kumi na tisa, na kipande kimoja cha chupa.

"Nilimwambia angoje," nikamjibu. "Sasa ni zamu yangu."